Chupa ya Kituo cha Bomba

Binti wa maabara alikuwa amechoka kuulizwa, na Inspekta alikuwa amechoka zaidi kuuliza. Walikaa wakitazamana katika chumba cha mahojiano ambacho dirisha lake lilipakwa rangi pamoja na ukuta, kioo na vyote, na fundi fulani asiyejali kazi yake. Feni ilizunguka bila kuleta upepo wowote.

"Tuanze tena," Inspekta alisema.

"Tuanze wapi tena, afande? Tangu nikamatwe tunaanza tu."

"Anzia chupa zinapofika kwako."

Binti alishusha pumzi. "Wachota maji wanazileta kila Jumamosi. Chupa ya chanzo, chupa ya daraja, chupa ya bomba. Kila chupa imefungwa utepe juu ya kifuniko na aliyechota ametia saini juu ya utepe. Nakata utepe, napima, natoa majibu. Nimesema mpaka mdomo umekauka."

"Na majibu ya bomba yanatoka safi."

"Ndiyo."

"Bomba lile la maji machafu liko nyuma ya kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Watu wa bondeni wanajikuna mpaka damu, samaki wanaelea tumbo juu. Wewe unasema safi."

"Mimi napima kilichomo kwenye chupa, afande. Sipimi mto."

Inspekta aliliandika jibu hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika, kisha akalipita. Alikuwa na hamu ya kufika kwenye swali ambalo mwendesha mashtaka alilipenda sana.

"Majibu ya bomba na majibu ya daraja yanafanana kama mapacha, wiki hata wiki. Inasemekana ulimwaga maji ya bomba kwenye sinki, ukagawa ya daraja kwenye chupa mbili. Na mwezi huo huo kaka yako akaajiriwa kiwandani."

"Kaka yangu ni fundi umeme. Alienda akaomba kazi kama watu wengine." Alisogeza kiti mbele kwa hasira. "Na kuhusu kufanana, mimi ndiye niliyeona kwanza. Nililisema mkutanoni kwa wachota maji. Nikaambiwa nipime tu, mto niwaachie wenyewe."

Hapo palikuwa na swali la kuulizwa, swali jepesi kabisa, na askari wa mwaka wa kwanza angeuliza. Inspekta hakuliuliza. Alifunga kalamu, akatoka.

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama ukumbini na kikombe cha chai, akiangalia getini ambako watu wa bondeni walikuwa wamekusanyika. Baadhi yao walikuwa wamekunja mikono ya mashati ili kila mpita njia aone vipele.

"Amekiri?"

"Hajakiri, Mkuu. Na mimi sidhani kama ni yeye."

"Kudhani kwako hakutawaondoa wale pale. Kesho asubuhi anapanda kizimbani, labda uniletee mwingine kabla ya jua kuzama." Mkuu alipuliza chai yake. "Mwingine wa kweli, siyo nadharia."

Inspekta alitoka kwa mlango wa nyuma. Kesi ilikuwa imemfika shingoni, na nyumbani nako hakukuwa na nafuu, maana huko aliishi na mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake ikilia. Alipostaafu hakukubali kukaa. Alikusanya majirani, akawafundisha kuchota maji ya mto kwa utaratibu na kuyapeleka maabara, ili siku moja wapate ushahidi ambao kiwanda kisingeweza kuubishia. Watu waliwaita wachota maji. Vituo aligawa yeye mwenyewe, na lile bomba, mahali pabaya kuliko pote, alijipa mwenyewe.

"Siwezi kumtuma mtu mahali nisipokwenda," alisema siku moja mezani, na Inspekta, kijiko mkononi, alijisikia fahari kumwoa binti wa mama kama yule.

Tangu binti wa maabara akamatwe, mama mkwe hakumpa pumzi. Kila jioni ilikuwa maneno yale yale: mtoto wa watu hana kosa, mwachie, wewe ni polisi gani? Inspekta aliinamisha kichwa, akajibu ndiyo mama, sawa mama, kwa sababu mama mkwe hajibiwi vingine. Kila mchana mama huyo alifika kituoni na hotpoti ya chakula kwa ajili ya mahabusu. Alitembea polepole, mkono mmoja ukutani.

Nyuma ya kiwanda palikuwa na uzio wa waya na kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda palikuwa na mlinzi aliyevua buti zake na kuzianika. Buti hizo zilikuwa nyeusi juu na zambarau chini.

"Unakaa hapa kila siku?"

"Kila siku ya Mungu, tangu mwaka huu uanze. Mwenzangu anashika usiku."

"Jumamosi asubuhi?"

"Hata Jumamosi."

"Basi unamfahamu mama mmoja mtu mzima, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Anakuja kuchota maji pale bombani."

Mlinzi alifikiri. Alifikiri kwa muda uliomkera Inspekta, kisha akatikisa kichwa. "Sijapata kumwona."

"Anakuja kila Jumamosi."

"Labda haji hapa. Hapa alikuwa anakuja mbwa tu, na siku hizi hata mbwa amekoma."

Inspekta alimsogelea. Alikuwa amempata mtu wa kumkasirikia, na ilikuwa raha. "Sikiliza, mzee. Nani anakulipa mshahara?"

"Kiwanda."

"Na kiwanda kimekuambia useme nini polisi wakija?"

"Hakijaniambia kitu. Hata viatu hakinipi, hizi buti ni zangu."

"Kumdanganya polisi ni kosa. Unaweza kulala ndani leo leo."

"Afande, usinipigie kelele, nina umri wa baba yako." Mlinzi hakuonekana kuogopa, alionekana kuudhika. "Hebu fikiri. Maji ya huyo mama si yametoka safi? Si ndivyo redio inavyosema? Sasa kama kiwanda kingeninunua, kingetaka niseme nini? Kingetaka niseme nilimwona! Niseme alishuka hadi bombani, akachota, nikamshika mkono. Mimi nakuambia sijamwona, na wewe unasema nimenunuliwa. Nimenunuliwa na nani?"

Hasira ilimpanda Inspekta mara mbili, kwa sababu mlinzi alisema jambo la akili na yeye ndiye aliyepaswa kulifikiri.

"Nionyeshe ngazi," alisema.

Ngazi za saruji zilishuka ukingoni kuelekea mtoni, zimemeguka na kuota ukungu wa kijani. Kishikio cha chuma kililala kwenye majani, kimeoza katikati. Inspekta alishuka kwa uangalifu wote, na bado hatua ya mwisho ilimtupa. Alitua kwa kiganja na goti. Alipoinuka, suruali yake ilikuwa na doa jekundu lililokoza. Alilisugua kwa leso na doa likatanuka.

Bomba lilikuwa linatapika. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya kitambaa kibichi na harufu iliyouma macho. Mawe ya pale yalikuwa matupu, bila uoto wala mdudu. Katikati ya mawe kulikuwa na maganda madogo meupe, matupu nayo.

"Konokono," mlinzi alisema kutoka juu. "Kule darajani wamejaa mpaka unawakanyaga. Maji yakiwaleta huku hawamalizi hata siku."

Inspekta aliangalia ngazi kutoka chini. Ukungu wa kijani ulikuwa mzima mpaka juu, umechubuka mahali pamoja tu, pale alipoteleza yeye. Akakumbuka mkono ulioshika ukuta wa kituo kila mchana. Akakumbuka kiti cha plastiki alichokiweka bafuni kwake, bila mtu yeyote nyumbani kusema ni cha nani. Alilifukuza wazo hilo. Lilirudi, akalifukuza tena, na alipofika juu alikuwa anahema kuliko kilima kile kilivyostahili.

Alikumbuka jambo jingine alipokuwa anarudi, akalitukana kwa sauti ndani ya gari. Siku ya kukamatwa kwa binti, askari walibeba kila kitu kilichokuwa mezani kwake maabara, pamoja na sanduku la chupa za Jumamosi ile. Binti hakuwa amezigusa. Na kwa kuwa stoo ya vielelezo haikuwa na friji, chupa zilipelekwa mahali penye friji.

"Ndiyo kwanza mnazikumbuka?" mama wa kantini ya polisi alimpokea. "Zinanibania soda zangu. Juzi sajini mmoja nusura ainywe moja."

Zilikuwa nyuma kabisa, kando ya maboga ya mtu. Inspekta aliitoa ya bomba, akavaa glavu, akamwita sajini aje kushuhudia. Akaizungusha polepole kwenye mwanga wa dirisha. Utepe ulikuwa mzima, haukukatwa wala kubanduliwa. Juu yake ilipita saini yenye mkia mrefu uliojikunja mwishoni. Aliijua. Ilikuwa kwenye vyeti vyote vya shule vya mke wake, ndani ya kabati ya chumbani kwao.

Maji yalikuwa meupe pe. Kwenye kitako cha chupa palikuwa na punje nyeusi, ndogo kuliko punje ya mchele.

"Uchafu," sajini alisema.

"Ngoja."

Aliiweka chupa dirishani kwenye jua, wakakaa kuitazama. Mama wa kantini naye aliacha vyombo. Baridi ya friji ilipoanza kutoka, punje ile ilijitikisa, ikatoa pembe mbili, ikaanza kupanda ukuta wa chupa taratibu kabisa.

"Konokono," sajini alisema. "Yuko hai."

"Yuko hai," Inspekta alisema, na hakukuwa na furaha yoyote katika sauti yake.

Binti wa maabara hakuifungua chupa hii. Hakuigusa hata. Na bado ndani yake kulikuwa na maji ya darajani, yaliyofungwa yakiwa na mdudu wake kabla ya kufika mezani kwa mtu yeyote. Hakuna aliyebadilisha maji. Maji yalikuwa ya mahali pengine tangu mwanzo.

Alibaki na mlango mmoja wa kutokea, akaujaribu. Alimpigia simu kinyozi, ndiye aliyechota kituo cha daraja.

"Mnachota pamoja na Mwalimu?"

"Tunafika darajani pamoja. Mimi nachota, halafu yeye ananiambia, tangulia kijana wangu, mimi nashuka bombani polepole. Natangulia, nina wateja Jumamosi."

"Umewahi kumwona akishuka?"

Mashine ya kunyolea ilizimwa upande wa pili. "Afande, Mwalimu akikuambia tangulia, unatangulia. Darasa la nne nilichapwa kwa kugeuka nyuma. Sijageuka tena."

Alipokata simu alisikia ukumbini hatua anazozifahamu, na sauti ikimwambia askari wa zamu asiinamishe hotpoti, mchuzi utamwagika.

Alingoja hotpoti ipelekwe mahabusu, kisha akamkaribisha ofisini. Mama mkwe alipangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa. Sajini alisimama mlangoni, ametakiwa kushuhudia, na alitamani awe popote duniani isipokuwa pale.

"Suruali yako ina doa," mama mkwe alisema.

"Ni la bombani, mama. Nimetoka huko sasa hivi."

Inspekta aliiweka chupa mezani katikati yao. Konokono alikuwa amefika karibu na kifuniko.

"Hii saini ni yako, mama?"

"Unaijua."

"Nahitaji uniambie wewe."

"Ni yangu."

"Na huyu," aligusa chupa kwa ncha ya kalamu, "bombani hakai hata siku moja. Nimeyaona maganda. Maji haya ni ya darajani."

Mama mkwe alimtazama konokono. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile ya darasani. "Mto ni ule ule. Maji ya darajani ndiyo yanayoshuka mpaka bombani. Ni umbali wa kutupa jiwe."

"Katikati kuna kiwanda, mama."

"Najua kuna kiwanda! Nani aliyewaambia watu wa mji huu kwamba kuna kiwanda?"

Kisha kitu kikamtoka. Mabega yalishuka, na Inspekta akamwona mzee kwa mara ya kwanza, mzee wa kweli.

"Mara ya kwanza nilishuka," alisema. "Mara ya pili nikaanguka. Nilikaa kwenye yale matope sijui muda gani, naomba Mungu asipite mtu. Nilipanda ngazi kwa makalio, mkwe wangu, moja moja, kama mtoto anayejifunza. Nikaenda darajani nikachota, nikasema wiki ijayo goti litapona." Aliikunja na kuikunjua leso. "Ningewaambia nini? Wangenionea huruma. Wangenipa kazi ya kubeba mwavuli."

"Binti alipowaambia mkutanoni kwamba chupa zinafanana, nani alimjibu apime tu?"

"Mimi."

"Na tulipomkamata?"

"Nilikuambia umwachie. Kila jioni nilikuambia!"

"Hukuniambia kwa nini."

"Hukuniuliza," alisema kwa sauti ndogo. Halafu, ndogo zaidi, "Nilidhani utagundua hana kosa, umwachie, iishe. Iishe bila mimi."

Inspekta alikuwa na hasira kiasi kwamba aliiweka mikono chini ya meza. Alimkasirikia mama mkwe, akajikasirikia mwenyewe zaidi, kwa kila ndiyo mama na kila sawa mama aliyoitoa mezani wakati mtoto wa mtu akilala sakafuni. Angekuwa shahidi mwingine yeyote angemuuliza siku ya kwanza.

"Siruhusiwi kuandika maelezo yako," alisema. "Wewe ni mama yangu. Ataandika sajini."

Mama mkwe aligeuka kumtazama sajini, aliyenyooka bila kujijua. "Huyu? Huyu nilimfundisha. Hata nukta hajui inakaa wapi." Akanyoosha mkono. "Nipe kalamu, nitaandika mwenyewe."

Aliandika kwa mwandiko wake ulionyooka, bila kufuta neno, na hakujihurumia popote. Alipomaliza alitia saini yenye mkia.

Mkuu wa kituo aliyasoma amesimama. Aliyasoma tena amekaa.

"Na nimshtaki kwa kosa gani?" aliuliza. "Goti?"

"Sijui, Mkuu."

"Unajua maana ya hii karatasi? Majibu yote, tangu mwaka jana, ni takataka. Siyo ya bomba tu, yote! Wakili wa kiwanda atayatupa nje kabla hajaketi. Wale pale getini nikawaambie nini? Kwamba waanze upya kuchota, wajikune mwaka mwingine?" Alisukuma kikombe mpaka ukingoni mwa meza. "Bora ungeniletea mwizi. Mwizi ningejua la kumfanya. Kamtoe binti."

Kupitia dirishani mwa Mkuu Inspekta aliwaona wale watu, mikono yao mitupu imekunjuliwa juani. Bomba lilikuwa linaendelea kutapika wakati huo huo, na hakuna mtu ambaye angelifunga leo wala kesho.

Sajini ndiye aliyekwenda mahabusu, na ndiye aliyemweleza binti kwa nini anatoka, maana alikuwa na haki ya kujua. Binti alipotokea ukumbini alikuwa amevaa viatu bila kamba, kamba ziko mkononi pamoja na mkanda na simu iliyozimika. Mkono wa pili ulikuwa umeshika hotpoti.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi. Alipomwona alianza kuinuka, akashika ukuta, goti likamkatalia, akajaribu tena mpaka akasimama. Inspekta hakumsaidia. Alijua asingependa kusaidiwa, na alijua pia kwamba hiyo siyo sababu yake.

"Mwanangu," mama mkwe alisema.

Binti alisimama mbele yake. Kwa siku zote hizi, askari wa zamu alisema baadaye, chakula kile ndicho kitu pekee kilichomfanya atabasamu. Alikuwa akiwaambia mahabusu wenzake kwamba nje kuna mtu mmoja tu anayemwamini.

Aliiweka hotpoti kwenye benchi, taratibu, mfuniko juu.

"Cha leo sijakila, Mwalimu," alisema.

Akapita, akashuka ngazi za kituo mbio mbio, viatu vikimpwaya. Mama mkwe alikaa, akaivuta hotpoti na kuipakata mapajani. Ilikuwa bado nzito, na bado ya moto.